Vitabu vya mashujaa na sayansi kutoka mtumba wa Posta: maoni ya mwalimu aliyevisoma na watoto

Kama una mtoto wa darasa la tatu mpaka la saba anayeshinda amejifunga khanga shingoni akiruka kutoka kwenye kochi, kuna vitabu fulani nataka uvijue. Ni vitabu vya watoto vya Kiingereza, vingi vimechapwa Marekani au Uingereza, vinavyomchukua shujaa wa katuni na filamu na kuuchambua uwezo wake kisayansi. Anapanda ukuta: je, kuna kiumbe anayepanda ukuta kweli, na anawezaje? Anavaa nguo isiyopenya risasi: nguo hiyo ipo? Aliitengeneza nani? Hapa Dar es Salaam mimi huvipata kwenye vitabu vya mtumba pale Posta, vinavyotandazwa kando ya Barabara ya Samora na mitaa inayokatiza pale, kwa bei ambayo mshahara wa mwalimu unaimudu.

Nafundisha Sayansi na Teknolojia shule ya msingi. Naishi Tabata na watoto wangu wawili pamoja na binti wa dada yangu, na vitabu hivi nimevisoma nao wote watatu, jioni, mkekani. Mwenye haraka achukue jibu hapa hapa: vinunue, ila usimwachie mtoto avisome peke yake. Majina ya vitabu sitayataja kwa sababu mzigo wa mtumba haurudi, ulichokiona leo kesho kimeshabebwa na mwingine, na ukimtajia muuzaji jina atakwambia tu, "Dada, pekua hapo hapo." Kinachosaidia ni kujua kitabu kizuri cha aina hii kikoje ukiwa umekishika mkononi.

Ninachokipenda kuliko vyote ni cha mashujaa wanaopanda kuta. Kinaanza na Spider-Man, ambaye Stan Lee na Steve Ditko walimtoa kwa mara ya kwanza mwaka 1962, lakini hakikai kwake sana. Ukifunua kurasa mbili tu umeshaachana na maghorofa ya New York, uko kwenye unyayo wa mjusi. Picha imepigwa kwa hadubini. Chini ya vidole kuna mistari, kila mstari umejaa vinyweleo, na kila kinyweleo kimechanika nchani kuwa vingine mamia, vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Yule mjusi mkubwa wa Asia ambaye wanasayansi wamempima sana ana vinyweleo karibu nusu milioni kwenye unyayo mmoja. Hakuna gundi wala ute. Vinyweleo vinausogelea ukuta kwa ukaribu mno hivi kwamba molekuli za mguu na molekuli za ukuta zinaanza kuvutana zenyewe. Mvutano wa kinyweleo kimoja ni mdogo sana, lakini vyote vikijumlishwa vinamshika mjusi kwenye kioo kitupu.

Jioni ile ile tulizima taa ya sebuleni tukaacha ya barazani iwake. Mjusi kafiri wetu alikuwa dirishani kwa nje akiwinda wadudu, nasi tukiwa ndani tunamtazama tumboni. Nilimmulika kwa tochi ya simu. Mistari ya kwenye kitabu ilikuwa pale, kwenye kioo chetu, miembamba, imepangana chini ya kila kidole. Alipotaka kusonga mbele hakuunyanyua mguu mzima. Vidole vilijikunja kwenda juu kuanzia nchani, vikabanduka kimoja kimoja, halafu mguu ukatua mbele na kushika tena. Mdogo akapiga kelele, "Mama, anajibandua kama plasta!" Kitabu kilikuwa kimeeleza jambo hilo hilo: vinyweleo hushika vikivutwa kwa pembe moja na huachia pembe ikibadilika, ndiyo maana mjusi anakimbia bila kunasa. Mtoto aliyeliona kwa macho yake hahitaji kulikariri.

Kilichonifanya nikiheshimu kitabu hiki, hata hivyo, ni ukurasa unaofuata, ambapo shujaa anashindwa. Kinauliza wazi wazi: na wewe ukivaa glavu za mjusi, utapanda? Kisha kinaleta hesabu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliwapima wanyama wengi wapandao kuta, kuanzia utitiri mpaka mijusi, wakaona kwamba mnyama akizidi ukubwa wa mjusi, nyayo za kunata hazitoshi tena. Mtu angehitaji kiasi cha asilimia 40 ya mwili wake wote iwe ya kunata. Kama ni kiatu, angevaa namba 145 kwa namba za Ulaya, hizi hizi tunazotajiana na wauza viatu wa Kariakoo. Mwanangu wa kwanza anavaa 36. Alichukua rula, akapima unyayo wake, akaanza kupiga hesabu ya hicho kiatu kingekuwa na urefu gani, na mimi nikanyamaza nimwache ahangaike nayo.

Sababu ya kushindwa huko kitabu kimeieleza kwa mchoro wa miraba ambao haukuwaingia. Hapo nililazimika kuongeza changu, kwa viberiti. Kiberiti kimoja mezani, huyo ni mjusi. Viberiti vinane vilivyopangwa kuwa boksi moja ambalo kila upande ni mara mbili ya kile cha kwanza, huyo ni mnyama mkubwa zaidi. Hesabu vinavyogusa meza: vinne. Hesabu vya kubebwa: vinane. Panga tena kwa kuzidisha mara mbili, vya chini vinakuwa 16 na vya kubebwa 64. Uzito unakimbia, unyayo unabaki nyuma. Somo hilo hilo linajibu kwa nini siafu anabeba mzigo unaomzidi uzito mara nyingi na tembo hawezi, na kwa nini binadamu aliyekuzwa kuwa jitu la ghorofa kumi angevunjika miguu yake mwenyewe. Ukikuta kitabu cha mashujaa chenye ukurasa wa namna hii, ukurasa unaosema "hapana, haiwezekani, na sababu ni hii", kichukue bila kubishana bei. Vile vinavyosema kila kitu kitawezekana siku moja viache pale pale turubaini.

Kitabu hicho hicho kina sura ya uzi wa buibui, nayo ni nzuri. Uzi ule ukiupima na waya wa chuma wa uzito uleule, uzi unashinda. Kuna picha ya joho la rangi ya dhahabu lililooneshwa mwaka 2012 kwenye makumbusho ya Victoria and Albert, London, lililofumwa kwa nyuzi za buibui zaidi ya milioni moja wa Madagaska. Rangi ni ya uzi wenyewe, haukutiwa rangi. Ndugu za buibui hao tunao hapa pwani, wale wakubwa wenye miguu mirefu wanaotanda kati ya mti na mti, na jua likipiga utando unang'aa manjano. Binti wa dada yangu aliuliza kwa nini watu wasifuge buibui kama wanavyofuga kuku, na kitabu kina jibu: ukiwaweka wengi pamoja wanalana.

Cha pili ni cha vifaa. Hiki kinamfuata Batman, aliyetokea mwaka 1939, kwa sababu yeye hana uwezo wowote wa kuzaliwa nao, ana akili na vyombo tu. Kwa mwalimu huyo ni shujaa mwenye manufaa. Sura ya nguo ya kuzuia risasi inamtaja Stephanie Kwolek, mwanamama mkemia wa kampuni ya DuPont ya Marekani, ambaye mwaka 1965 alikuwa akitafuta uzi mwepesi na mgumu wa kutia kwenye matairi ya magari. Alipata mchanganyiko mwembamba, wenye ukungu, ambao mwingine angeumwaga. Hata fundi wa mashine ya kusokota alisita kuupitisha akihofia utaziba vitundu. Alimbembeleza, wakausokota, ukatoka uzi ambao leo unaitwa Kevlar, uliookoa maisha ya askari wengi. Habari hii imeandikwa kwa nusu ukurasa tu na ilistahili sura nzima. Nilimsomea binti wa dada yangu mara ya pili, taratibu, nikakaa sana pale penye mwanamke kumwambia fundi, jaribu.

Kuna na yule Mswisi, George de Mestral, aliyerudi matembezini mwaka 1941 akakuta mbegu zimemng'ang'ania mbwa wake na suruali yake, akazitazama kwa hadubini akaona vikulabu, na miaka baadaye tukapata ile mikanda ya kubandika kwenye viatu vya watoto. Hapo toka na mtoto mkatafute kishonanguo kwenye kiwanja chochote ambacho hakijafyekwa. Ila mwambie ukweli: kishonanguo yetu inashika kwa vimiba vinavyoelekea nyuma, siyo kwa kulabu, na tofauti hiyo yeye mwenyewe anaweza kuiona akiwa na kioo cha kukuzia.

Lakini ukurasa uliozua gumzo kubwa ulikuwa wa treni. Treni ya kasi ya Japani ilikuwa ikiingia kwenye handaki inasukuma hewa mbele yake, na upande wa pili wa handaki hewa ile inatoka kwa mshindo uliokuwa ukiwasumbua wakazi. Mhandisi Eiji Nakatsu, ambaye pia ni mpenzi wa kutazama ndege, alikumbuka jinsi mdiria anavyochoma maji bila kurusha matone, na treni iliyoanza kazi mwaka 1997 ikapewa pua ndefu ya mdomo wa mdiria. Mshindo ukapungua na umeme ukatumika kidogo zaidi. Watoto wa Dar hii wanaijua treni yetu ya SGR yenye pua iliyochongoka, Mchongoko, wameiona ikipita au wamepanda kwenda Morogoro na Dodoma. Basi ubishi ukaanza: na sisi tumeiga mdiria? Tukajadili kasi: yetu imeundwa kukimbia kilomita 160 kwa saa, ile ya Japani ilikuwa ikifika 300, na kasi ikiongezeka, hewa inakuwa kizuizi kikubwa kwa namna ambayo baiskeli haikufundishi. Kitabu kilichochapwa mbali kimewafanya watoto wa Tabata waijadili treni ya kwao kama wahandisi. Kwangu mimi hiyo ndiyo thamani ya hela.

Cha bahari kimekaa vizuri pia, ingawa ni kifupi. Pweza ndiye shujaa wake: mioyo mitatu, damu ya bluu kwa sababu inabeba oksijeni kwa shaba badala ya chuma, na sehemu kubwa ya neva zake imo mikononi na siyo kichwani. Wanangu walikuwa wanamjua kwenye supu tu. Sasa tukipita kwa muuza pweza jioni wanasimama kumkagua vikombe vya kushikia, na yule mzee kawazoea, anawapa mkono mmoja waushike kabla hajaukata.

Nije kwenye kasoro, kwa sababu zipo na baadhi zinaudhi.

Kitabu kimoja, chenye jalada zuri kuliko vyote, kinasema popo wote huona kwa kutumia mwangwi wa sauti zao. Si kweli. Popo wadogo wanaokula wadudu, ndiyo. Popo wakubwa wa matunda, wale wanaoshambulia mikungu na miembe yetu usiku na kuangusha kokwa juu ya mabati, wengi wao hutegemea macho na pua. Mtazame usoni popo wa aina hiyo, utaona macho makubwa yaliyotokeza. Mtoto wa Dar ambaye popo anaowajua ni hao anafundishwa kitu ambacho macho yake yanakikataa, na mwishowe anaamini kitabu, anaacha kuamini macho. Hilo linaniuma zaidi kuliko kosa lenyewe.

Kingine kinamleta kinyonga kama bingwa wa kujificha, anabadilika rangi kufuata alipokaa. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Geneva walionesha mwaka 2015 kwamba kinyonga ana fuwele ndogo sana ndani ya ngozi, na akizisogeza mbali au karibu, mwanga unaorudi unabadilika rangi. Mara nyingi anafanya hivyo kwa kutunishiana na dume mwenzake, kumvutia jike au kujipatia joto. Mambo haya yanasisimua kuliko hadithi ya kujificha, na kitabu cha sayansi kingepaswa kuyabeba. Angalia mwaka wa kuchapwa, uko nyuma ya ukurasa wa kwanza wenye jina. Cha zamani sana kitakuwa na mengi yaliyopitwa.

Majaribio ya nyumbani nayo yameandikwa kwa ajili ya jikoni za huko. Sehemu nyingine inataka theluji. Nyingine inataka barafu kavu, ambayo sijui mzazi wa Mbagala aitoe wapi. Lakini mengi yanageuzika. Jaribio la gesi linakubali magadi ya kupikia maharage na ndimu. Halifoki kwa kishindo kama la kitabuni, ila povu linapanda na watoto wanaliona. Parachuti ya mfuko wa plastiki tuliishindwa, maana mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, tukakata mfuko mbadala, tukafunga uzi na kijiti, kikatua polepole kutoka dirishani. Ule mfuko ulikuwa mzito kidogo kwa kazi ile, kwa hiyo tukalazimika kukata duara kubwa zaidi, na kwa kufanya hivyo watoto wakagundua wenyewe uhusiano wa upana na mwendo.

Jaribio lililofanikiwa kuliko yote halihitaji chochote cha dukani. Lilikuwa kwenye sura ya madini ya kubuni, yale ya Black Panther, shujaa wa Wakanda aliyebuniwa mwaka 1966. Kitabu kinasema madini hayo hayapo, kisha kinaelekeza kwenye kitu kilichopo: tabaka moja la atomi za kaboni, jembamba kuliko chochote na gumu ajabu, ambalo wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Manchester walilipata mwaka 2004 kwa kubandika na kubandua selotepu juu ya kinywe, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Kinywe ndiyo ile nyeusi ya ndani ya penseli. Tukachora kwa nguvu kwenye karatasi, tukabandika selotepu, tukabandua, tukaikunja na kuibandua tena, kila mara doa likawa jembamba zaidi. Kitabu hakisemi kwamba kinywe kinapatikana Mahenge, Morogoro, na kwamba dunia inakitafuta kwa ajili ya betri. Hilo nililisema mimi.

Na hapa ndipo lawama yangu kubwa ilipo. Katika vitabu vyote hivi Afrika inaingia na duma, simba na tembo, halafu inatoka. Hakuna mtu. Mtoto wangu anaweza kusoma rafu nzima asikutane na mwanasayansi hata mmoja wa kwao.

Kitabu cha mashujaa wa barafu kinaeleza vizuri jinsi maji yanavyoganda, kurasa nyingi, bila kumtaja Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba Sekondari, Tanga, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombania, akaweka maziwa yakiwa ya moto, na yake yakaganda kabla ya yale yaliyowekwa bila moto. Alipouliza, mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu hapa Dar es Salaam, mbele ya wanafunzi waliomcheka. Osborne alirudi Dar akaagiza jaribio lifanyike, na mwaka 1969 majina yao mawili yakatoka pamoja kwenye jarida la fizikia. Mpaka leo wanasayansi wanabishana kama hali hiyo hutokea kweli na kwa masharti gani. Ni hadithi ya shujaa kamili: kijana, swali, kuchekwa, kutokukubali. Watoto wangu walitaka kujaribu papo hapo, na kwenye friza yetu majibu yamekuwa yakibadilika badilika, jambo lililowafanya waanze kubishana juu ya ukubwa wa vikombe na mahali pa kuviweka. Sikuwapa jibu, kwa sababu hata wakubwa hawajamalizana.

Halafu kuna sura za wanyama wenye vipaji vya kunusa. Mbwa yumo, papa yumo, dubu yumo. Panya buku wa Morogoro hayumo! Shirika la APOPO linawafundisha panya hawa pale Chuo Kikuu cha Sokoine, na wao wananusa baruti iliyofukiwa ardhini. Mwepesi, hawezi kulilipua bomu kwa kulikanyaga. Hajali vyuma chakavu, ananusa kilipuzi chenyewe. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapa Tanzania mwaka 2013, akapelekwa Kambodia, akanusa mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimvisha nishani ya dhahabu ya ushujaa, panya wa kwanza kuipata. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi alilimaliza kwa dakika 20, wakati mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma anaweza kuchukua siku kadhaa. Alikufa Januari 2022, mzee, akiwa ameshastaafu. Wenzake wengine wananusa makohozi na kuwatambua wagonjwa wa kifua kikuu ambao hadubini iliwakosa, hapa hapa nchini. Hebu niambie ni shujaa gani wa filamu mwenye rekodi hiyo! Nilipowasimulia watoto, mdogo alitaka kujua kama ile nishani ilikuwa ya kumtosha shingoni. Ilikuwa ndogo, ya saizi yake.

Ndiyo maana nasema usimwachie mtoto vitabu hivi peke yake. Soma naye, na kila sura inapoishia wewe ongeza cha kwetu. Na natamani wachapishaji wetu, nyumba kama Mkuki na Nyota ambayo ipo hapa Dar tangu 1991, waone pengo hili. Ubongo, watengenezaji wa vipindi vya elimu vya watoto, walishaonesha kwa katuni zao, zilizotengenezwa jiji hili hili, kwamba watoto wa Kiswahili wanakaa kimya kusikiliza hesabu na sayansi ikisimuliwa vizuri. Kitabu cha mjusi kafiri, pweza, mikoko inayopumua kwa mizizi yake kule Kunduchi, Mpemba na Magawa, chenye picha kali za rangi na shujaa mwenye joho, kwa Kiswahili cha darasa la nne, ningekinunua nakala za shule nzima kwa kuwachangisha wazazi, na wangechanga.

Kwa sasa tuna mtumba. Bei nilizozoea ni kati ya elfu tano na elfu kumi na mbili, kutegemea jalada na jinsi ulivyovaa siku hiyo. Vipya vya aina hii kwenye maduka ya Masaki na Mlimani nimevikuta vikianzia elfu arobaini. Kabla hujalipa funua katikati, maana kurasa za picha kubwa ndizo hung'olewa. Angalia kama sehemu ya majibu ipo. Vile vyenye mifuko ya vifaa au miwani ya karatasi, vifaa huwa vimeshapotea, usivilipie ziada. Kiingereza chake mtoto wa darasa la sita au la saba anakifuata kwa msaada kidogo. Wa darasa la tatu msimulie kwa Kiswahili huku akitazama picha, atauliza maswali yale yale. Nenda Jumamosi asubuhi kabla jua halijakaza, wakati wauzaji wanafungua maboksi mapya, na ukishazoeana na mmoja mwachie namba yako. Wangu akipata cha mashujaa hunipigia: "Mwalimu, nimekuwekea viwili, cha wadudu na cha anga, ila cha anga kina chai ukurasa wa mwisho." Cha wadudu nitakifuata wiki hii.